Nukta Isiyovuka Mfereji

Ofisini walimwita Dada Nukta. Ni kweli alikuwa mdogo wa umbo, kiasi kwamba kiti chake kilipozunguka mbele ya kompyuta wageni walidhani kimezunguka chenyewe, lakini jina hilo alilipata kwa kazi. Ramani zote za chama zilipita mikononi mwake, na kila zahanati, kila kisima na kila kituo cha msaada kilichoonekana humo kilikuwa nukta aliyoiweka yeye.

Chama chenyewe hakikuwa cha kutafuta faida, na aliyeyaona makochi ya mapokezi hakuhitaji kuambiwa. Kazi yake ilikuwa kukuza utafiti wa taarifa na ramani: kukusanya data za mji, kuzisafisha, kuwafundisha vijana kuzisoma, kisha kumpa bure mtafiti yeyote atakayeziomba. Maneno hayo mawili, bure na yeyote, mwenyekiti aliyapenda kuliko jina lake. Alikuwa mzee mrefu, mcheshi, mwenye koti lililochakaa viwiko, na watu walimwita Mzee Wazi kwa sababu alitaka kila kitu kiwe wazi. Angekueleza ubaya wa kufungia taarifa kabatini ukiwa kwenye semina, ukiwa msibani, hata ukiwa kwenye foleni ya choo umebana miguu.

Asubuhi hiyo alikuwa anayasema hayo hayo kwenye chai. Akasimulia kwamba wiki iliyopita kuna mwanachama aliyeomba ramani ya huduma za jamii, tena si toleo jipya peke yake kama wengine wote, bali matoleo yote tangu la kwanza. Mzee Wazi alikuwa na furaha ya mtu aliyeombwa kuonyesha picha za harusi yake. Dada Nukta akacheka naye, akachovya mkate kwenye chai, akauliza ni nani huyo mwenye moyo wa kusoma makaratasi ya kale.

"Si ni shemeji yako," akasema Mzee Wazi. "Yule mpima ardhi."

Mkate ulikatikia ndani ya kikombe. Dada Nukta aliutazama ukizama, akashindwa kuuopoa.

"Tena ana akili yule," mzee akaendelea, huku akijipakulia sukari. "Akaniuliza, ile nukta ya nyumba ya hifadhi, mliisogeza mara moja mkaiacha hapo, au kila toleo mnaisogeza upya? Nikamwambia upya, kila toleo. Nikamwambia na ubunifu ni wa shemeji yake."

Dada Nukta akakishika kikombe kwa mikono miwili, macho yakiwa kwenye mkate.

Mdogo wake, mtoto wa mwisho kwa mama yao, alikuwa amemkimbia huyo mpima ardhi akiwa na mkono uliovunjika na begi la shule la mtoto wa jirani, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mlango. Polisi walimsikiliza akiwa amesimama. Mume alipofika walimpa kiti, maana aliwahi kuwapimia viwanja nusu ya kituo. Baadaye, mbele ya dada mtu, mume alisema maneno ambayo Dada Nukta hakuyasahau: "Mji huu nimeupima wote kwa miguu yangu. Atajificha wapi?" Aliyasema bila kupaza sauti, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

Basi mdogo mtu akapelekwa kwenye nyumba ya hifadhi, nyumba ya wanawake waliokimbia vipigo, ambayo hakuna anayepaswa kujua iko wapi. Dada Nukta alijua, kwa bahati mbaya ya kazi yake. Ofisini hakumwambia mtu. Ndiyo sharti la nyumba, na isitoshe, ni nani anayependa kuanika mambo ya ukoo kwenye meza ya chai? Kwa hiyo Mzee Wazi hakuwa na kosa hata moja. Alimwona shemeji wa mfanyakazi wake, mwanachama aliyelipa ada, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, akamkirimu.

Na nyumba ya siri ilifikaje kwenye ramani ya watu wote? Kwa nia njema kabisa. Watafiti wa chama walitaka kuonyesha kwamba mji mzima una nyumba moja tu ya namna hiyo, na kwamba mwanamke wa pembezoni akitaka kuikimbilia atafika amekwisha kufa. Wakubwa walikuwa wakijibu kwamba hawajaona tatizo lolote kwenye ramani. Ndipo nyumba ikawekwa, ili waone. Lakini iliwekwa kwa ujanja: nukta yake isogezwe ovyoovyo, iangukie upande wowote ndani ya kata ile, mbali kidogo na pale ilipo kweli. Dada Nukta akaongeza ujanja wake juu ya ujanja. Alisema nukta ikikaa mahali pamoja watu wataizoea, basi kila toleo aisogeze upya. Walimpigia makofi, na siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama aliyeongezeka kimo.

Sasa, akiutazama mkate, aliona alichokifanya. Ukimfunga mbuzi kwa kamba kwenye kigingi, ukimwona leo huku na kesho kule hutajua kigingi kiko wapi. Lakini ukiweka alama kila aliposimama, miezi na miezi, alama zitajipanga zenyewe kukizunguka kigingi. Yeye alikuwa amemweka mbuzi, amezichora alama, na chama kimezichapisha. Bure. Kwa yeyote.

Alirudi mezani kwake, akajikaza kisabuni. Alifungua matoleo yote, akayapandanisha moja juu ya jingine, akazitazama nukta za ile nyumba zikijitokeza kama pilipili iliyomwagika kwenye kitambaa. Kisha akaiambia kompyuta itafute katikati yake. Alikosea neno la siri, akakosea tena, mashine ikamuuliza kama yeye ni binadamu kweli.

Alama ya katikati ilitua. Alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliona imeangukia juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, kwenye mtaa unaofuata, si kwenye nyumba.

Pumzi zilimrudi, lakini hazikukaa. Kwa nini pale? Akaisogelea picha. Zile nukta hazikuwa duara. Upande mmoja zilitawanyika vizuri, upande wa pili zilikatika ghafla, mstari mnyoofu, kama keki iliyopitiwa kisu. Mstari huo ulikuwa mfereji wa maji ya mvua, na mfereji ndio mpaka wa kata. Akakumbuka kanuni aliyoiandika kwa mkono wake: nukta isivuke kata, hesabu za kata zisije zikaharibika. Kila mara kompyuta ilipoitupa nukta ng'ambo ya mfereji, iliirudisha na kuitupa upya. Na nyumba ya hifadhi ilikuwa imeuegemea mfereji ule kwa mgongo. Ndiyo maana katikati ilivutwa mbali nayo, mpaka kwa wachomeleaji.

Mtu mwingine angefika kwenye karakana, akaona majirani na milango ya geti, akajiona mjinga, akarudi kwao. Lakini shemeji yake alikuwa akila kwa mipaka. Mipaka ndiyo kazi yake, na mstari uliokatika namna ile yeye angeuona hata akiwa usingizini. Angesimama karakanani, angekuna kichwa, kisha angeugeukia mfereji.

Alipiga simu ya nyumba ile. Ikaita, ikaita, ikakata. Asubuhi wanawake walikuwa kwenye mafunzo ya ushonaji, na msimamizi wao alizifungia simu zote sandukuni, ya kwake ikiwamo, kwa sababu kwake sheria haikumbagua mtu, hata yeye mwenyewe.

Hapo hakuwa na la kuficha tena. Alimwendea Mzee Wazi ofisini mwake, akamwambia yote akiwa wima, kwa sauti ndogo, kuanzia mkono uliovunjika mpaka kigingi cha mbuzi. Mzee alisikiliza mdomo wazi. Halafu akakurupuka, akaishika kompyuta, akasema aifute ramani kwenye tovuti, sasa hivi, yote.

"Usiiguse, mzee. Nakala anazo tayari. Ukiifuta sasa hivi utakuwa umemwambia amepatia."

Mzee aliuondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Akakaa. Akauliza, kwa unyonge uliomtisha Dada Nukta kuliko kelele, sasa yeye anaweza kufanya nini, maana katika maisha yake yote kazi aliyoijua vizuri ni kuongea tu.

Dada Nukta akamtazama. "Hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka," akasema.

Waliondoka kwa gari la mzee, lile ambalo mlango wa abiria hufunguka kwa nje tu, kwa hiyo abiria akishafika husubiri kutolewa kama mtoto. Njiani Dada Nukta hakuacha kugeuka nyuma. Kila pikipiki ilikuwa ya shemeji. Kila mwenye kofia alikuwa shemeji. Wazo jingine lilimjia: labda hajui chochote, labda anangoja tu dada mtu ashtuke, akimbie, amwongoze mpaka mlangoni. Shemeji alikuwa amempigia simu wiki ile ile aliyoomba ramani, kwa sauti laini ya muuza bima, akimwambia, "Shemeji, ukionana na mwenzangu nisalimie." Alitaka kumwambia mzee ageuze gari. Hakusema. Asipokwenda na mtu yule akafika, nani atabisha hodi kwanza?

Walisimama kabla ya karakana, na kabla hata mzee hajaja kumfungulia mlango, alimwona.

Mpima ardhi alikuwa amewapa mgongo wachomeleaji. Shati jeupe, suruali imenyooka, simu mkononi. Cheche zilikuwa zinaruka nyuma yake na wala hakuzijali. Aliitazama simu, akainua macho, akautazama mfereji. Akaitazama simu tena. Kisha akaanza kutembea, taratibu, hatua za urefu mmoja, kama wanavyotembea watu wa kazi yake.

Mzee Wazi alimfungulia mlango, akamkumbatia begani mara moja, kisha akavaa uso wa semina na kutangulia akiwa ametandaza mikono yote miwili.

"Mwanachama wangu," alisikika akiita. "Nami nilikuwa nakutafuta. Hebu nieleze, yale matoleo ya zamani umeyaonaje?"

Ukimpa Mzee Wazi mtu na swali, huyo mtu umemfunga. Waliowahi kujaribu kuondoka mzee akiwa katikati ya sentensi wanajua kwamba sentensi zake hazina katikati, zina mwanzo tu. Dada Nukta alipita nyuma ya lori lililokuwa linangoja kuchomelewa, akashuka ndani ya mfereji uliokwisha maji, akainama, akakimbia juu ya chupa na matope mpaka kwenye kijimlango cha bati kilichokuwa mgongoni mwa nyumba.

Aligonga. Ndani, cherehani zikanyamaza zote mara moja.

Msimamizi wa nyumba walimwita Mama Makomeo, na alistahili. Alimsaili kupitia bati: yeye nani, katumwa na nani, anamtafuta nani. Aliposikia jina la kazini na la ukoo alitoa jibu moja tu kwa yote, kwamba hapa ni kiwanda cha mashuka. Dada Nukta akaegemeza paji la uso kwenye bati. Alisema yeye ndiye aliyewachora, na amewachora vibaya, na mume wa mtu yuko ng'ambo ya karakana anahesabu mageti. Makomeo yakafunguka, la juu, la kati, la chini, na kila moja lilichukua muda wa mwaka.

Mama Makomeo hakupiga kelele wala hakulaumu. Alipiga makofi mara moja, kama mwalimu anayemaliza kipindi. Nyumba ilishikana ukuta na ghala la duka la magodoro, na ukutani, nyuma ya kabati la nguo, kulikuwa na mlango. Wanawake waliacha mashuka yalivyo kwenye cherehani, sindano zikiwa zimezama katikati ya mishono, wakapita mmoja mmoja. Wengine walikuwa na watoto migongoni. Hakuna aliyelia, na hilo ndilo lililomuumiza Dada Nukta: walikuwa wamezoea.

Mdogo wake alitoka wa mwisho, na uzi mwekundu shingoni. Alimwona dada yake, akajua bila kuambiwa.

"Yuko karibu?"

"Yuko kwa mafundi."

Mdogo akataka kucheka ikashindikana. "Nilikwambia mimi hajawahi kupotea njia." Akamshika dada yake kiganja, akakifinya mpaka vifundo vikalia. "Twende basi, dada."

Mama Makomeo akaingia katikati yao. Akasema huyu dada mtu hapandi gari lao. Akasema, tena kwa upole, kwamba anayejua ndiye anayefuatwa, na yeye amejua vya kutosha. Wakaachanishwa viganja. Mlango wa nyuma ya kabati ukafungwa, na upande wa pili injini ya gari la magodoro ikaanza kukohoa.

Dada Nukta alibaki sebuleni kati ya cherehani. Alikusudia kurudi kwa kijimlango cha bati, lakini kabla hajageuka, geti la mbele liligongwa. Kwa adabu. Vidole viwili, pumziko, vidole viwili.

Alichuchumaa chini ya dirisha. Injini bado ilikuwa inakohoa, haijakamata. Alikibana kinywa chake kwa viganja vyote viwili.

"Shemeji," sauti ikasema nje ya geti, ya kirafiki, ya jirani aliyekuja kuazima ngazi. "Najua uko humo. Matope ya mfereji yako kwenye ukingo, na kiatu ni kidogo."

Akajibana zaidi ukutani. Jasho lilimshuka mgongoni jembamba kama uzi.

"Kazi yako nzuri sana. Nimeisifu hata kwa mzee wako, nikamwacha anaongea na wachomeleaji. Lakini ungeiacha nukta ivuke mfereji, hata mara chache tu, nisingefika."

Injini ikakamata. Gari likanguruma, likaondoka, na nje ya geti kukawa kimya. Mpima ardhi alikuwa anasikiliza. Dada Nukta alimjua mtu huyu anapopima: alikuwa anapima mlio, unatoka upande gani, unaelekea wapi. Bila kufikiri aliikanyaga pedali ya cherehani iliyokuwa karibu naye. Ikapiga kelele. Akavuta na ya pili, akaikanyaga kwa mguu wa kushoto, zote mbili zikishona hewa, akakanyaga kama mwendawazimu huku machozi yanamtoka, mpaka uzi ukakatika na paja likamkaza na mlio wa gari ukawa haupo tena duniani.

Alipoacha, alisikia sauti nyingi. Mzee Wazi alikuwa amefika akihema, na nyuma yake wachomeleaji wote wa karakana, miwani myeusi ikiwa imepandishwa vipajini, mmoja ameshika nondo ambayo alikuwa hajamaliza kuikata. Mzee alikuwa amewaambia nini, Dada Nukta hakujua. Alipenda kuongea, na safari hii maneno yalimfaa. Mpima ardhi aliwatazama mmoja mmoja. Akafuta mkono wake kwa leso. Akasema alikuja kusalimia tu, lakini inaonekana wenyewe hawapo, akawapita katikati bila haraka, hatua za urefu mmoja.

Hakuna aliyemkamata. Amkamate kwa lipi? Kwa kubisha hodi?

Wiki zilizofuata chama kilikaa vikao mpaka makochi yakazidi kubonyea. Mzee Wazi, aliyezeeka kidogo, alitaka kosa lile liandikwe na kupelekwa kwa vyama vingine vinavyochora nyumba kama ile, kwa mkono, kwa mtu mwenye jina, si kwa yeyote. Akalisema hilo kwa taabu, kama anayeng'olewa jino. Dada Nukta aliliandika yeye mwenyewe: msisogeze upya, na msikate kwenye mpaka. Lilikuwa andiko lake bora kuliko yote, na hakuweka jina lake.

Usingizi haukurudi sawasawa. Alibadilisha njia ya kwenda kazini, akabadilisha tena. Kila simu ngeni ilimshtua, na siku moja jioni, akikunja nguo, ikaita ngeni, na ilikuwa sauti ya mdogo wake.

Walisalimiana kama watu wanaotembea juu ya mayai. Mkono umepona. Anakula. Amejifunza kushona kola, ingawa za upande mmoja zinamtazama mtu na za upande mwingine zinatazama mbinguni. Wakacheka, na kicheko kikawafanya wasahau kidogo, mdogo akaanza kusimulia watoto wa hapo wanavyomwita shangazi.

Nyuma ya sauti yake Dada Nukta akasikia honi ya treni. Ndefu, halafu fupi. Baada ya honi, kengele ya shule. Kabla hajajizuia, ramani ilikwisha kujifungua kichwani: reli inapita kata zipi, ni shule gani zilizo karibu nayo kiasi hicho, ni ngapi zinazogonga kengele saa hiyo ya jioni. Zilibaki chache. Upepo ukaleta kitu kingine, mlio wa mashine ya kusaga, na zikabaki mbili.

Nguo zilimwanguka mikononi.

"Funga dirisha," akasema.

"Nini, dada?"

"Funga dirisha, mdogo wangu. Nakusikia mno."

Alisikia kiti kikiburutwa, kitasa kikilalamika. Dunia ya upande wa pili ikanyamaza, ikabaki pumzi ya mdogo wake peke yake, ambayo ingeweza kuwa mahali popote.